MBEROSHI NA UYOGA WA SISILIA
Somo juu ya viumbe viwili vilivyo karibu kutoweka



Mtu akiulizwa ataje viumbe vilivyo karibu kutoweka duniani, mara hutaja faru, tembo au sokwe. Akifikiri zaidi, pengine atautaja mti fulani uliokuwa mwingi zamani za babu zake na ambao sasa hauonekani. Uyoga hautaji. Kwa mawazo ya wengi uyoga ni kitu kinachojiotea chenyewe: mvua ikinyesha upo, jua likikaza haupo, na mwaka ujao utarudi. Nani ataketi auhesabu? Nani atauwekea ulinzi?

Na hapo ndipo penye kosa. Uyoga nao una aina zake, na kila aina ina makao yake na chakula chake. Aina moja ya uyoga yaweza kwisha kabisa kama vile aina ya mti iwezavyo kwisha. Na hatari yake ni kubwa zaidi kwa namna moja, kwa kuwa kwisha kwake hakuonekani. Ili tulifahamu jambo hili vema, juma hili twachukua mfano wa kweli kutoka ng'ambo: mti mmoja na uyoga mmoja. Vyote viwili ni vya milima ile ile, vyote viwili vina jina la pili lile lile katika vitabu vya wataalamu, na vyote viwili vimeandikwa katika daraja moja la hatari. Tukiviweka bega kwa bega tutajifunza mengi.

MAHALI PENYEWE

Kaskazini mwa kisiwa cha Sisilia, nchini Italia, iko safu ya milima iitwayo Madonie. Kilele chake kirefu, Pizzo Carbonara, chafika mita 1,979. Katika kisiwa kizima ni mlima wa moto wa Etna peke yake unaokipita. Miamba mingi ya huko ni ya chokaa. Majira ya baridi theluji huanguka, na majira ya joto huwa makavu. Binadamu amelima huko, amechunga kondoo na mbuzi, na amekata miti kwa maelfu ya miaka.

Zamani milima ya upande huo iliitwa Nebrodi. Ndiyo maana wataalamu waliuita mti wetu Abies nebrodensis, na uyoga wetu Pleurotus nebrodensis, maana yake "wa Nebrodi". Tangu mwaka 1989 milima ya Madonie imekuwa hifadhi chini ya serikali ya jimbo la Sisilia.

HABARI ZA MTI

Mti wenyewe ni wa jamii ya msonobari, ule upandwao Sao Hill na penginepo kwa ajili ya mbao. Kwa kuwa hauna jina la Kiswahili, tuuite mberoshi wa Nebrodi, tukiazima jina ambalo wasomaji wamelizoea katika Maandiko. Majani yake ni mafupi, magumu, na mwaka mzima ni ya kijani. Koni zake, yaani yale mafumba yabebayo mbegu, hazining'inii kama za msonobari. Husimama wima juu ya matawi kama mishumaa, na zikikomaa hubomoka papo hapo mtini, mbegu zikachukuliwa na upepo.

Mwaka 1908 mtaalamu Mattei aliutambua kuwa ni aina ya peke yake. Lakini wakati huo ulikuwa karibu kusahaulika, hata ikadhaniwa kwamba umekwisha kabisa. Shoka lilikuwa limeipitia misitu kwa karne nyingi watu wakitafuta mbao na kuni, na mifugo ikala miche. Ndipo mwaka 1957 ikagunduliwa kwamba miti michache ingali hai katika mabonde ya miamba juu ya mji mdogo wa Polizzi Generosa. Bonde moja kati ya hayo laitwa Bonde la Bikira Maria wa Malaika.

Miti iliyokomaa ambayo imesalia porini ni kama thelathini tu. Msomaji na aitafakari hesabu hiyo. Si miti thelathini katika ekari moja, wala si thelathini katika msitu mmoja. Ni thelathini ya aina hiyo katika milima yote ya dunia. Mashamba mengi ya michungwa huku kwetu yana miti mingi kuliko hiyo. Kila mmoja umepewa namba, nayo afya yake hufuatwa mwaka kwa mwaka kama ya mgonjwa hospitalini.

Shoka limekomeshwa. Kwa nini basi mti hauongezeki? Sababu ni kwamba uchache wenyewe umekuwa ugonjwa. Mberoshi hupeana chavua, yaani unga wa uzazi, kwa njia ya upepo. Miti ikiwa mingi na karibu karibu, chavua ya huu huufikia ule. Ikiwa michache na imetawanyika, mti hupokea chavua yake mwenyewe. Matokeo yake mbegu nyingi huwa mapepe, hazina kitu ndani, na miche inayofaulu kuota huwa mara nyingi dhaifu. Na miche hiyo michache inangojewa na kulungu na nguruwe mwitu.

HABARI ZA UYOGA

Sasa tuuangalie uyoga. Yule aliyeueleza kwanza katika elimu ni Giuseppe Inzenga, mtaalamu wa kilimo wa Palermo, mwaka 1863. Aliusifu kuwa uyoga mtamu kuliko wote wa Sisilia. Ni mweupe kama malai, una nyama nene, na huota majira ya kuchipua, tangu Aprili mpaka Juni, katika malisho ya miamba ya chokaa kuanzia kiasi cha mita 1,200 kwenda juu.

Uyoga huu hauoti ovyo ovyo. Hutafuta mizizi ya mmea mmoja wa jamii ya karoti na giligilani, mmea ambao wataalamu huuita Prangos ferulacea na wenyeji huuita basilisko. Kwa hiyo wachumaji wa huko, kabla ya kutafuta uyoga, hutafuta kwanza mabua makavu ya basilisko ya mwaka uliopita, kisha huinama na kupekua chini yake.

Hapa yatupasa kusimama kidogo na kufafanua neno. Kile tunachokichuma na kukitia chunguni si kiumbe kizima. Ni tunda lake. Embe si mwembe, na uyoga vivyo hivyo si kuvu nzima. Kuvu yenyewe ni nyuzi nyembamba mno, nyembamba kuliko unywele, zinazotambaa ndani ya udongo na mizizi. Hizo nyuzi huishi siku zote, masika na kiangazi, pasipo kuonekana na mtu. Wakati ukifika hutoa juu ya ardhi kile kikofia tunachokijua. Kazi ya kikofia ni kumwaga chembe ndogo kama vumbi, ziitwazo spora, ambazo kwa kuvu ndizo mbegu.

Mwaka 2006 uyoga huu uliingizwa katika Orodha Nyekundu ya Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile, katika daraja la "hatarini kabisa", daraja lile lile la mberoshi. Ilikadiriwa kwamba katika milima hiyo, katika eneo lisilofika kilometa 100 za mraba, uyoga usiozidi 250 ndio unaofikia kukomaa kila mwaka. Baadaye wataalamu wameendelea kuchunguza nasaba yake, na wameona jamaa zake wa karibu huko Ugiriki. Lakini uchache wake katika Madonie haubishaniwi.

Ni nini kilichouleta katika hali hiyo? Ni utamu wake. Katika siku za makadirio hayo kilo moja iliuzwa kwa euro 50 hadi 70. Bei ya namna hiyo humwamsha mtu alfajiri. Na kila mchumaji ajua kwamba, asipouchuma leo ungali mdogo, kesho atauchuma mwenzake. Basi uyoga huondolewa mchanga, kabla haujamwaga hata spora moja.

TUVIWEKE BEGA KWA BEGA

Tumeviona viumbe vyote viwili. Tuvilinganishe sasa, jambo kwa jambo.

Kwanza, namna ya kuishi. Mti hujipikia chakula chake kwa mwanga wa jua, hewa na maji. Kuvu haiwezi kazi hiyo. Yapaswa kula kilichotengenezwa na mwingine. Watu wengi hudhani uyoga ni mmea mdogo usio na majani. Sivyo. Wataalamu wameziweka kuvu katika ufalme wao wenyewe, mbali na mimea, na kwa nasaba zi karibu zaidi na wanyama kuliko na miti. Kwa hiyo mberoshi wahitaji mahali pa kusimama, na uyoga wahitaji mwenyeji wa kumlisha.

Pili, namna ya kuhesabiwa. Mberoshi huhesabika. Mlinzi aweza kupanda mlimani, akaugusa mti wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho, akarudi na hesabu ya hakika. Kuvu haihesabiki hivyo. Uyoga mitano chini ya mabua matano yaweza kuwa matunda ya kuvu tano, au mengine yakawa ya kuvu moja. Tena mwaka wa ukame uyoga waweza usionekane kabisa, na kuvu ikawa hai udongoni. Au kinyume chake, kuvu ikawa imekufa zamani nasi twangojea mvua. Mti ukifa, gogo lake hutoa ushahidi kwa miaka mingi. Kuvu ikifa hakuna mzoga wala kisiki.

Tatu, adui. Mberoshi uliangushwa na shoka na meno ya mifugo, na sasa wateswa na upweke wake. Uyoga hauteswi na njaa: basilisko si mmea adimu, wapatikana katika nchi nyingi kuanzia Bahari ya Kati mpaka Uajemi. Meza imeandaliwa, lakini walaji hawaongezeki. Adui wa uyoga ni kisu cha mchumaji na bei ya sokoni. Hapa tujihadhari tusiseme kupita kiasi. Huko Uswisi uchunguzi uliofanywa tangu mwaka 1975 mpaka 2003 ulionyesha kwamba kuchuma uyoga wa kawaida wa msituni, hata kila mwaka, hakukupunguza mavuno. Kilichopunguza ni kuukanyaga udongo. Kwa hiyo kuchuma si dhambi ya asili ya mwenye kikapu. Lakini uyoga ulio mwingi katika msitu mpana si sawa na uyoga usiofika 250. Aliye na magunia mia ya mahindi aweza kula kumi asijute. Aliyebakiwa na debe moja, akila mbegu, mwakani atapanda nini?

Nne, dawa. Kwa mberoshi wataalamu wa Italia wamejenga uzio kuzuia wanyama. Wameondoa karibu yake miberoshi ya kigeni iliyopandwa zamani, isije ikachanganya uzazi. Wamefanya hata kazi ya upepo: hukusanya chavua ya mti mmoja na kuipeleka kwa mkono katika mti mwingine ulio mbali, ili mbegu ziwe na kiini. Miche yalelewa kitaluni, na mbegu huwekwa akiba katika baridi kali.

Kwa uyoga hayo yote hayafai sana. Huwezi kuzungushia uzio kitu usichojua kilipo. Dawa yake ni ya namna mbili. Ya kwanza ni sheria ya kuuacha ukomae, hasa katika sehemu za ndani za hifadhi. Ya pili ni kuulima. Wataalamu wa Sisilia wamefaulu kuustawisha karibu na makazi ya watu, ili mwenye kutaka kuula au kuuuza aupate shambani asiende mlimani. Dawa hii yastahili kusifiwa, kwa sababu haimnyang'anyi mchumaji maskini riziki yake. Yamwonyesha njia nyingine ya kuipata. Sheria inayokataza tu, isitoe badala, hufundisha watu kuchuma usiku.

KIMOJA HAKIISHI PASIPO KINGINE

Tumezitofautisha jamaa hizi mbili, lakini msomaji asidhani kwamba zaishi mbalimbali. Uyoga wetu hauwezi kuwapo pasipo mmea wa basilisko. Na mberoshi, kama ndugu zake wote wa jamii ya msonobari, haustawi vema pasipo kuvu. Mizizi yake midogo huvikwa nyuzi za kuvu kama kidole kinavyovikwa soksi. Nyuzi hizo huchota maji na chumvi za udongo mahali ambapo mizizi haifiki, zikaupa mti. Na mti huzilipa kwa sukari iliyopikwa na majani yake.

Jambo hili lilionekana wazi misonobari ilipoletwa Afrika. Mahali pengi miche ilidumaa na kugeuka manjano, ingawa udongo ulikuwa mzuri na maji yalikuwapo. Ulipoletwa udongo wenye kuvu zake, miche ikashika nguvu. Mti ulikuwa umesafiri ukamwacha nyuma mwenzi wake.

Kwa hiyo mtu asemaye, "Tuokoe mti, uyoga tutaufikiria baadaye," amekata jambo katikati. Na bado ndivyo dunia ilivyofanya kwa muda mrefu. Orodha Nyekundu ilianzishwa mwaka 1964. Mpaka Machi 2025 ilikuwa na aina zaidi ya 169,000 za viumbe, na kati ya hizo kuvu zilikuwa 1,300 tu. Na katika hizo 1,300, zisizopungua 411 ziliandikwa kuwa hatarini. Lakini kuvu zilizokwisha kupewa majina na wataalamu zapita laki moja na nusu. Yaani kwa kila kuvu iliyochunguzwa hali yake, zaidi ya mia moja hazijaulizwa, "Je, mngalipo?"

NA HUKU KWETU?

Msomaji wa Tabora, Katavi au Ruvuma atasema: Sisilia ni mbali, na mberoshi siujui. Basi na aiangalie misitu ya miombo iliyo nyuma ya nyumba yake. Miyombo na mitundu nayo ina mapatano yale yale na kuvu za udongoni. Ule uyoga ambao mama zetu huchuma masika, na ambao huuzwa kando ya barabara katika mabakuli na vikapu, sehemu yake kubwa ni tunda la mapatano hayo. Hauoti kwa sababu ya mvua peke yake. Waota kwa sababu mti ungali umesimama.

Mti ukikatwa kwa mkaa au kwa kukaushia tumbaku, mkataji aona hasara moja: mti. Hasara ya pili haioni. Mwaka unaofuata mama huenda mahali pale pale alipochuma siku zote, mvua imenyesha vizuri, na kikapu chake chabaki kitupu. Hapo husemwa kwamba nyakati zimebadilika. Kilichobadilika kwanza ni mizizi: kuvu imekosa wa kuilisha.

Kuna na uyoga mwingine, ule mkubwa wa vichuguuni. Huo hulelewa na mchwa, ambao huulima ndani ya nyumba yao kama mkulima alimavyo shamba. Avunjaye kichuguu chote apate udongo wa matofali afaa ajue kwamba amebomoa pia shamba.

MAFUNZO YA KUSHIKA

Katika habari hizi twapata mambo matatu ya kuwafundisha watoto wetu nyumbani.

La kwanza: kitu kisichoonekana chaweza kuwa ndicho kishikacho kinachoonekana. Katika kulinda msitu tusihesabu magogo tu. Tuuheshimu na udongo.

La pili: ulinzi wapaswa kuanza wakati wa wingi. Mberoshi ulipobaki miti thelathini, kila mche mmoja ulihitaji wataalamu, uzio, na miaka mingi ya kazi. Kabla ya hapo upepo ulifanya kazi yote bure.

La tatu: atakaye kuchuma daima na aache kitu. Wazee wetu walipochimba mihogo waliacha vipande vya shina vya kupanda, na walipovuna mahindi walitundika mbegu juu ya jiko. Kanuni ni ile ile kwa uyoga: uliokomaa na kufunguka uachwe baadhi yake umwage spora zake, na ule mchanga kabisa uachwe ukue. Tena mtoto asichume peke yake. Na afuatane na mkubwa aujuaye uyoga, kwa maana upo wenye sumu iuayo, nao hufanana na ule mwema.

Miti thelathini na uyoga usiofika 250: hicho ndicho kilichobaki katika milima ya Madonie baada ya watu wengi, kila mmoja kwa zamu yake, kuchukua kidogo tu. Hakuna hata mmoja wao aliyekusudia kumaliza. Misitu yetu sisi ingali na wingi, na mchumaji wa mwaka huu bado ana nafasi ya kuacha.